Mkono Umetulia, Moyo Je?

Upasuaji wa kuweka waya ndani ya ubongo wa mgonjwa wa Parkinson umezoeleka kusifiwa kwa picha moja. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe anakaa mbele ya kamera, daktari anawasha mtambo, na mkono unatulia papo hapo. Picha hiyo ni ya kweli, na wanaoisambaza kwenye simu hawadanganyi. Kasoro yake ni kwamba inakatika pale maswali magumu yanapoanza. Baada ya mkono kutulia, mtu yule anazungumza vipi? Analala? Bado ana hamu ya kwenda shamba, ya kucheza bao, ya kubishana na mwanawe kuhusu bei ya tumbaku? Msimamo wangu leo ni huu: upasuaji huu ni tiba nzuri kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, na sehemu kubwa ya madhara yake kwa akili na hisia haitokani na umeme wenyewe, bali na maamuzi ya watu kabla na baada ya siku ya upasuaji. Kwa mkazi wa Tabora, Urambo au Sikonge, basi, huduma ya akili na hisia sharti iitangulie betri ya mtambo huo. Tukifanya kinyume, tutakuwa tumenunua kifaa cha bei ya nyumba kwa ajili ya kuyahamisha mateso kutoka mkononi kuyapeleka moyoni.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa mtu huulaumu waya kwa makosa yasiyo yake. Parkinson huua polepole chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa, hatua hufupika, mkono hutetemeka na uso hukosa mabadiliko hata mtu akifurahi. Lakini kazi ya dopamini haiishii kwenye misuli. Ndiyo inayompa mtu ari ya kuanza jambo, ladha ya kulimaliza, na wepesi wa kuhama kutoka wazo moja hadi jingine. Ndiyo maana sonona, wasiwasi, usingizi mbovu na ulegevu wa ari ni sehemu ya ugonjwa huu, na wakati mwingine hutangulia miaka kadhaa kabla kidole hakijatikisika. Utafiti wa Sydney, Australia, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 20 ulikuta kwamba miongoni mwa waliokuwa bado hai, asilimia 83 walikuwa na ugonjwa wa kusahau, na hao hawakuharibiwa na waya wowote. Anayetaka kujua upasuaji umeifanyia nini akili ya mgonjwa lazima kwanza ajue ugonjwa peke yake ungeifikisha wapi.

Kwa Tanzania, hesabu ya vijijini inayojulikana zaidi inatoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008: katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, yaani takriban 20 katika kila watu 100,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wameambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Mahojiano yaliyochapishwa mwaka 2011 kutoka wilaya hiyohiyo yalionyesha watu wakiuita ugonjwa wa kutetemeka, wengine wakiuhesabu kuwa uzee na wengine uchawi. Na Hai ni jirani wa hospitali ya rufaa ya KCMC. Mkoa wa Tabora uko mbali na hospitali za aina hiyo, na una sababu yake ya ziada ya kuwa macho. Ni mkoa wa tumbaku, zao linalotumia viuatilifu kwa wingi, na utafiti wa Marekani miongoni mwa watu waliofanya kazi na viuatilifu umehusisha baadhi yake, hasa paraquat na rotenone, na ongezeko la hatari ya Parkinson. Kwa hiyo mjadala wa tiba yake si wa watu wa mbali.

Upasuaji wenyewe hufanyika hivi. Fuvu hutobolewa tundu dogo kila upande, kisha elektrodi yenye unene wa milimita moja na ushee hushushwa kupitia sehemu ya mbele ya ubongo hadi katikati, kwenye kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi. Waya hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye betri inayofukiwa kifuani chini ya mtulinga. Betri hupeleka mapigo ya umeme takriban 130 kila sekunde, usiku na mchana. Profesa Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, ndiye aliyeanzisha njia hii mwaka 1987 kwa kulenga thalamasi ili kutuliza mtetemeko. Miaka michache baadaye, baada ya kazi ya Mahlon DeLong na wenzake kuonyesha kwa nyani kwamba kiini cha chini ya thalamasi hupiga kelele kupita kiasi dopamini inapokosekana, shabaha ikahamia huko. Wawili hao walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Lasker mwaka 2014. Umeme haurudishi dopamini wala hauzuii ugonjwa kuendelea. Kinachofanyika ni kuvunja mdundo mbovu unaozifunga njia za mwendo.

Kiini hicho kina urefu wa takriban sentimita moja, na udogo wake ndio mzizi wa mambo yote ninayoyaeleza. Mtu wa Tabora anajua maana ya njia kadhaa kubwa kukutana kwenye uwanja mmoja mdogo: treni ya Kigoma, ya Mwanza na ya Dar es Salaam zote hupita stesheni ileile, na swichi moja ikipinda vibaya, behewa la Mwanza hujikuta limeelekea Kigoma. Ndani ya kiini cha chini ya thalamasi hupita njia tatu: ya mwendo upande wa juu na nje, ya fikra na kupanga katikati, na ya hisia upande wa ndani na chini. Daktari anaikusudia ya kwanza. Milimita mbili tu za kukosea shabaha, au volti zilizopandishwa kidogo kupita kiasi, zinatosha umeme kumwagikia njia ya pili na ya tatu.

Ushahidi wa wazi kabisa wa jambo hili ulichapishwa mwaka 1999 kutoka Paris. Mwanamke wa miaka 65, asiye na historia yoyote ya ugonjwa wa akili, alikuwa akipimwa ili ichaguliwe sehemu bora ya kuwasha kwenye elektrodi yake. Sehemu moja ilipowashwa upande wa kushoto, ndani ya sekunde chache uso wake ulikunjamana, akainama, akaanza kulia na kusema kwamba hana thamani na hataki kuendelea kuishi. Umeme ulipozimwa, katika muda usiozidi dakika moja na nusu huzuni yote ilitoweka, na dakika chache zilizofuata alikuwa akitania na madaktari. Sehemu nyingine za elektrodi ileile zilimtuliza mwili bila kumgusa moyo. Wengine hupatwa na kinyume chake: kicheko kisicho na sababu, maneno mengi, matumizi mabaya ya fedha, ujasiri usiopimwa. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha kazi ya Michael Frank na wenzake iliyoonyesha kwamba kiini hiki kwa kawaida humpa mtu subira pale machaguo mawili yanaposhindana. Umeme ukiwashwa, wagonjwa waliamua haraka zaidi hasa pale walipopaswa kusita. Madhara ya kundi hili, ingawa yanatisha, ndiyo rahisi kuliko yote kuyarekebisha. Mtaalamu mwenye kifaa cha kurekebishia hubadilisha sehemu inayowashwa au hupunguza volti, na mgonjwa hurudi katika hali yake, mradi tu mtaalamu huyo afikike.

Kundi la pili la madhara halihusiani na umeme. Baada ya upasuaji wa kiini hiki, mgonjwa mara nyingi hupunguziwa dawa za dopamini kwa theluthi au hata nusu, na kwa mtazamo wa misuli hilo ni ushindi, kwani mwili unatulia bila vidonge vingi. Lakini njia za ari na furaha hazikuwekewa waya. Zilikuwa zikiishi kwa dawa zile, na sasa zimenyimwa. Stéphane Thobois na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba katika wagonjwa 63 waliofuatiliwa baada ya dawa zao kupunguzwa sana, zaidi ya nusu walipatwa na ulegevu wa ari, kwa wastani katika mwezi wa tano hivi, na baadhi wakaingia kwenye sonona. Tazama muda huo. Mwezi wa tano mgonjwa amesharudi nyumbani, majirani wamekwisha kumpongeza, na daktari wake yuko mbali. Anakaa barazani kutwa nzima bila kutaka kitu, na kwa kuwa hatetemeki tena, ndugu wanasema amekuwa mvivu, au amevimba kichwa baada ya kutibiwa mjini. Kumbe dawa ilipunguzwa kwa kasi kubwa kuliko ubongo wake ulivyoweza kuhimili, na dozi ndogo ikirudishwa anaweza kuamka upya.

Kundi la tatu ni la fikra, na hapa tafiti zinakubaliana kuliko mahali pengine popote. Kinachoshuka mara kwa mara ni ufasaha wa kuvuta maneno, yaani uwezo wa kutaja kwa haraka maneno ya kundi fulani. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliounganisha tafiti 28 zenye wagonjwa 612 ulikuta kushuka kwa kiwango cha kati katika uwezo huo, na kushuka kidogo tu katika kupanga mambo na kujifunza maneno mapya. Jaribio la Ujerumani na Austria lililoongozwa upande huu na Karsten Witt mwaka 2008, likilinganisha wagonjwa 123 waliopangwa kwa bahati nasibu, lilipata picha ileile: maneno yalipungua wepesi, akili kwa jumla haikuporomoka, na wasiwasi ulipungua kwa waliofanyiwa upasuaji. Upungufu huo kwa kiasi kikubwa hubaki hata mtambo ukizimwa, kwa hiyo chanzo chake kikuu kinaelekea kuwa njia iliyopitwa na elektrodi kupitia sehemu ya mbele ya ubongo. Njia hiyo ikikikata kiini kiitwacho kaudeti, hatari ya akili kudhoofika huongezeka. Hilo huamuliwa kwenye skrini ya kupangia upasuaji, kabla ngozi haijachanwa.

Kwa mtu anayesikia haya kwa mara ya kwanza, ufasaha wa maneno unaonekana jambo dogo. Tuseme tuna mzee wa Sikonge, mwenyekiti mstaafu wa chama cha msingi, ambaye heshima yake yote imejengwa kwenye mikutano. Kabla ya upasuaji, ukimwambia ataje wanyama wa miguu minne kwa dakika moja, anataja kumi na tano bila kuvuta pumzi. Baada ya upasuaji anasema ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, ananyamaza, anatazama dari, anasema mbwa, anarudia mbuzi, na dakika imekwisha. Anawajua wanyama wote, hakuna aliyemsahau. Kilichokwama ni kuwaita. Kwenye mkutano, mtu wa namna hiyo hupitwa na hoja kabla hajaipata ya kwake, na baada ya miezi kadhaa huacha kwenda. Hapo fikra na hisia hukutana: aliyepoteza kasi ya maneno hupoteza nafasi yake baina ya watu, na upweke huo huzaa sonona ambayo hakuna kipimo cha MRI kitakachoionyesha.

Lipo jambo zito zaidi ambalo halifai kufichwa. Uchunguzi wa vituo 55 duniani uliochapishwa mwaka 2008 na Valerie Voon na wenzake, ukihusu wagonjwa 5,311 waliowekewa waya kwenye kiini hiki, ulikuta kwamba asilimia 0.45 walijiua na takriban asilimia 0.9 walijaribu kujiua, hatari ikiwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye sonona baada ya upasuaji, wasio na mwenzi, na waliowahi kuwa na tabia zisizodhibitika zinazoletwa na dawa, kama vile kamari. Kwa upande wa pili, jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani lililolinganisha upasuaji na dawa halikuona tofauti ya mawazo ya kujiua kati ya makundi hayo mawili katika miezi sita ya mwanzo. Nikizisoma tafiti hizi mbili pamoja, naona hatari ni ndogo, ina sura inayotambulika, na ina muda wake. Hatari ya aina hiyo inazuilika, ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kuuliza.

Kuna maoni potofu matatu ninayokutana nayo kila mada hii inapotajwa. La kwanza ni kwamba waya hubadilisha roho ya mtu, na aliyewekewa si yeye tena. Anayesema hivi ameisikia hadithi ya mgonjwa mmoja na kuifanya kanuni. Katika jaribio la Günther Deuschl na wenzake la mwaka 2006, lenye wagonjwa 156, ubora wa maisha wa waliofanyiwa upasuaji ulipanda kwa takriban robo ndani ya miezi sita, huku wa waliobaki kwenye dawa peke yake haukusogea. Jaribio la Frances Weaver la mwaka 2009, lenye wagonjwa 255, lilikuta waliofanyiwa upasuaji wakipata saa 4.6 zaidi kila siku za mwili unaotii bila mirukoruko ya kusumbua. Mtu anayerudishiwa saa nne na nusu za siku yake kwa kawaida hupata nafuu ya moyo pia. Wanaobadilika vibaya wapo, na nimeeleza kwa nini, lakini karibu kila sababu niliyoitaja ina mlango wa kurekebishia.

Potofu la pili ni pacha wa kinyume chake: mkono ukitulia, kazi imekwisha. Madaktari wenyewe ndio wenye kosa hili kuliko wagonjwa, kwa sababu fomu zao hupima mtetemeko na ukakamavu. Mwaka 2006 Michael Schüpbach na wenzake wa Paris waliwahoji kwa kina wagonjwa 29 waliofanyiwa upasuaji uliofaulu kwa vipimo vyote vya mwili. Wengi walikuwa na migogoro mipya ya ndoa, na katika waliokuwa na ajira kabla ya upasuaji, si wote waliorudi kazini ingawa miili yao iliruhusu. Mke aliyekuwa muuguzi wa mumewe kwa miaka kumi ghafla hana kazi hiyo, na mume aliyekuwa akilishwa anataka kurudisha amri ya nyumba. Katika familia zetu, ambapo uangalizi wa mgonjwa hugawanywa kati ya mke, mabinti na wakwe, mpangilio huo ukivunjika huwavunja watu wengi kwa pamoja. Familia inastahili kuandaliwa kwa uzito uleule anaoandaliwa mgonjwa.

Potofu la tatu ndilo lenye hoja nzito, na nalijibu kwa heshima. Wanasema: nchi yenye mabingwa wa neva wanaohesabika kwa vidole, ambako mgonjwa wa Kaliua hajawahi kumeza kidonge kimoja cha levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ina haja gani ya kujadili waya za ubongo? Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Upasuaji huu husaidia dalili zilezile zinazosaidiwa na levodopa, na vituo makini havimkubali mgonjwa ambaye dalili zake hazipungui kwa angalau asilimia 30 anapopewa dozi nzuri ya dawa hiyo. Pasipo dawa hakuna hata namna ya kumchagua mgonjwa. Nusu ya pili naikataa. Watanzania wanasafiri kwa matibabu, hasa India, na aliyewekewa betri huko anarudi nyumbani nayo. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ile ya kuchajiwa hudumu miaka 15 au zaidi, lakini inahitaji umeme wa uhakika. Mtambo ukizima ghafla, mgonjwa anaweza kukakamaa ndani ya saa chache na maisha yake yakawa hatarini. Baadhi ya mashine za joto zinazotumika kwenye tiba ya viungo zinaweza kuunguza ubongo kupitia elektrodi. Muuguzi wa zamu anahitaji kuyajua haya hata kama nchi haitafanya upasuaji huu kamwe. Na lililo kubwa zaidi: huduma ya kupima fikra na sonona ninayoitaka kwa ajili ya wachache wenye waya ndiyo hiyohiyo inayokosekana kwa mamia wasio na waya. Kuijenga hakumpunguzii mtu kidonge chake.

Sasa tiba ya tatizo hili ianzie wapi? Ramani tunayo. Rufaa za magharibi hufuata njia ileile iliyokuwa ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Kazeh, yaani Tabora ya leo, kupita Ugogo hadi pwani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na miezi ikageuka siku. Hata hivyo, zaidi ya kilomita 800 za reli kati ya Tabora na Dar es Salaam bado ni nyingi kwa mgonjwa anayehitaji kurekebishiwa volti mara nne au tano katika miezi sita ya kwanza, akiwa na msindikizaji, nauli na gharama ya malazi. Umbali huo ndio unaoligeuza tatizo dogo la marekebisho kuwa sonona ya mwaka mzima. Huduma kwa hiyo ipangwe kwa vituo kando ya njia, kila kituo na kazi yake.

Kituo cha kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete, pamoja na Maweni kule Kigoma. Hapa zinatakiwa levodopa yenye kabidopa isiyokatika, na muuguzi mmoja au wawili waliofundishwa Parkinson kwa kina. Wapewe pia kipimo cha akili kinachowafaa wazee wetu. Kipimo hicho kipo na kilitengenezwa hapahapa nchini: watafiti waliofanya kazi Hai walitunga kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengine hawakusoma. Hakimtaki mzee achore saa au mchemraba. Kinamwuliza leo ni siku gani na nani mwenyekiti wa kijiji, kinampa maneno ya kukumbuka, kinampa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa, na kinamtaka ataje wanyama kwa dakika moja. Swali hilo la mwisho linapima palepale ambapo upasuaji huu hugusa. Kifanyike kabla ya rufaa na kirudiwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Kiambatane na maswali ya wazi kuhusu huzuni, kamari, matumizi ya fedha na mawazo ya kujiua, na yaulizwe pia kwa mke au mtoto anayeishi na mgonjwa, pembeni, kwa lugha ya nyumbani.

Kituo cha pili ni Dodoma, katikati ya njia, ambako Hospitali ya Mirembe ina uzoefu mrefu wa magonjwa ya akili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za kibingwa. Sioni sababu ya kifaa cha kurekebishia mtambo na mtu wa kukitumia kukaa Dar es Salaam peke yake. Baadhi ya mitambo mipya hurekebishwa kupitia intaneti, na hilo lingefupisha safari zaidi. Kituo cha mwisho ni Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na taasisi ya mifupa ya MOI iliyo palepale, palipo na upasuaji wa ubongo. Huko kikao cha kuchagua mgonjwa kiwe na viti vinne: bingwa wa neva, mpasuaji, mtaalamu wa afya ya akili na mwakilishi wa familia, na wa tatu awe na uwezo wa kusema hapana. Mgonjwa mwenye historia ya sonona nzito, au ambaye ufasaha wake tayari umeshuka, aangaliwe kwa shabaha nyingine. Jaribio la Marekani la mwaka 2010 lenye wagonjwa 299 lilionyesha kwamba kiini kiitwacho globasi palidasi hutuliza mwendo kwa kiwango kilekile na kinaelekea kuwa salama zaidi kwa hisia, ingawa dawa hazipungui kwa kiasi kilekile. Kwetu hiyo isihesabiwe hasara: mgonjwa anayeishi mbali na daktari ana usalama zaidi akibaki na vidonge vyake kuliko akipunguziwa haraka asipate wa kumtazama.

Wapo watakaopendekeza njia ya mkato ya kuunguza sehemu ndogo ya ubongo badala ya kuweka waya, kwa kuwa haihitaji betri wala marekebisho. Kwa mtetemeko wa upande mmoja ni pendekezo la maana, na gharama yake ni ndogo zaidi. Lakini kilichounguzwa hakirudi, na kuunguza pande zote mbili kuna hatari kubwa kwa usemi na fikra. Faida kuu ya waya ni kwamba kosa lake linaweza kusahihishwa. Tukiuweka mahali pasipo na wa kulisahihisha, tumelipia faida tusiyoipata.

Limebaki suala la fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na siku itakapofika ya kujadili kama upasuaji huu uingie kwenye kitita, hoja isiwe bei ya kifaa peke yake. Bei inayojadiliwa iwe ya miaka kumi: betri za kubadilisha, nauli za marekebisho, mshahara wa muuguzi wa Parkinson pale Kitete, na simu ya kila wiki kwa mgonjwa katika miezi mitatu ya kwanza wakati dawa zinapunguzwa polepole. Bajeti ikishindwa kuvibeba vyote hivyo, vianze muuguzi, dawa na kipimo cha akili, upasuaji usubiri. Wizara inaweza kuanza na hayo matatu mwaka huu wa fedha bila kununua elektrodi hata moja, na wagonjwa wa Parkinson wa Tabora watakaonufaika ni wote, wakiwemo wale wachache ambao siku moja watawekewa waya.